Wamethodisti hawakuwa peke yao Bulgaria

Je, wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Marekani waliofanya kazi Bulgaria katika karne ya 19 walikuwa Wamethodisti tu? Hapana, yalikuwa makundi mawili. Wamethodisti wa Marekani walishika kaskazini ya milima ya Balkan kuanzia 1857 (Shumen, kisha Tarnovo), na Wakongregesheni (dhehebu jingine la Kiprotestanti) wa American Board, shirika la wamisionari la Marekani, wakachukua kusini. Shule ya wavulana ya Plovdiv iliyofunguliwa 1860, ile iliyohamia Samokov baadaye, ni ya hao wa kusini, si ya Wamethodisti. Lakini mgawanyo huo haukuwazuia kushirikiana: Biblia ya Kibulgaria ya 1871, iliyochapwa Istanbul, ina mkono wa wamisionari Riggs wa American Board na Long Mmethodisti, na Wabulgaria wenyewe, akiwemo mshairi Petko Slaveykov. Ila usidhani waliongoa wengi. Wabulgaria karibu wote walibaki Waorthodoksi.