Barua kwa mwanangu: kuitwa ni kuitwa

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma jikoni, maharage yakiwa motoni, nikamsomea na baba yako alipotoka zamu. Unauliza kama uchukue mkataba mwingine wa uuguzi huko Phoenix, wiki 13, au urudi hapa Atlanta utafute hospitali moja utulie. Nitakujibu. Ila kwanza tumalize yale maneno ya shangazi yako.

Unayakumbuka. Harusi ya binamu yako, Agosti 2022, umeshika sahani ya pilau, naye akakuuliza mbele za watu: "Na safari hii wamekutupa wapi?" Ukumbi ukacheka, nawe ukacheka. Mimi sikucheka. Mpaka leo nikimpigia simu ya Idi sauti yangu inakauka.

Kukutupa! Mtu hutupa kitu asichokihitaji. Wewe walikuita kwa sababu wodi ilikuwa haina wauguzi. Kuitwa ni kuitwa.

Siku zile baba yako naye alikuwa na msiba wake, Braves, timu yake ya besiboli ya hapa Atlanta, walikuwa wamempeleka Jesse Chavez kwa timu ya Angels. Yule mrushaji mpira wa akiba, anayeingizwa mchezo ukiwa umeshaanza, ambaye baba yako alimbatiza jina la Mpangaji, kwa sababu hamalizi kodi kwenye nyumba moja. Katika besiboli kubwa ya Marekani hakuna mchezaji aliyebadilishanwa na timu mara nyingi kama yeye. Timu zilipochagua vijana wapya kwa zamu mwaka 2002, Rangers walimchagua katika raundi ya 42, huko chini kabisa. Mwishoni mwa 2009 Pirates walimpa Rays, na Rays, kabla hajawarushia hata mpira mmoja, wakampa Atlanta. Mimi hilo lilinichekesha, baba yako halikumchekesha hata kidogo.

Basi Angels hawakukaa naye hata mwezi. Wakamwacha, na Atlanta wakamchukua tena kabla Agosti haijaisha. Baba yako alipiga kelele nikadhani kuna moto. Nami, nikwambie kweli, nilimfikiria shangazi yako. Nilitamani nimpigie palepale nimwambie, umeona? Ni timu ileile iliyomtoa.

Na si kwamba walimwonea huruma. Mwaka 2021, ana miaka 38, alikuwa mmoja wa warushaji wao walipochukua ubingwa. Juni 2023, kule Detroit, Miguel Cabrera aliupiga mpira ukamrudia Chavez kwenye muundi. Niliona mguu ukikunjika, nikazima televisheni. Mfupa ulipata ufa. Septemba akawa amerudi kurusha.

Lakini sasa najibishana mwenyewe. Kuitwa ni kuitwa, sawa, na anayesubiri kuitwa je? Wale warushaji wa akiba hukaa kule nyuma ya uwanja wakisikilizia simu. Ikilia, mtu anasimama, anapasha mkono moto, anarusha na kurusha. Halafu kocha anabadili mawazo, anaambiwa kaa. Mkono umeshachoka, na kwenye takwimu haionekani popote kwamba alifanya kazi usiku ule. Kesho huenda akasimamishwa tena. Hicho ndicho ninachokiogopa kwako, si miji. Ulishaniambia zile siku unafika hospitali umevaa sare, unaambiwa wagonjwa leo wachache, rudi nyumbani, na mshahara wa siku hiyo haupo.

Baba yako anasema Chavez alidumu kwenye ligi kuu tangu 2008 mpaka 2025, na wengi waliochaguliwa raundi ya kwanza hawakufika nusu ya hapo. Ni kweli. Nami namjibu kwamba waliofanana na Chavez na hawakuitwa tena hatuwajui hata majina, ndiyo maana tunamsimulia yeye. Hapo ananyamaza, anaongeza sauti ya televisheni.

Kwa hiyo sikwambii nenda, wala sikwambii rudi. Umri huo mimi nilikuwa nimeshavuka bahari bila kumuuliza mtu. Ingawa Phoenix kiangazi, na mgongo wako ule… haya, nimenyamaza. Hilo la shangazi tu ndilo nililotaka uliondoe kwenye hesabu, maana najua limo. Usirudi kwa sababu yake, wala usiende kumwonyesha.

Na kabla hujatia saini, waulize saa ngapi kwa wiki wanakuhakikishia malipo hata wakikurudisha nyumbani. Wakuandikie ndani ya mkataba, wasikwambie kwa simu.

Mama yako