Maswali ya Wasomaji: Sigara za Kielektroniki na Ladha Zake

SWALI: Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka 21 na hajawahi kuvuta sigara ya kawaida, lakini siku hizi hatoki nyumbani bila vepu yake yenye ladha ya embe. Nikimuuliza, hunijibu kwamba huo ni mvuke wa matunda tu. Je, ni kweli? Na kwa nini vijana hupendelea matunda kuliko tumbaku?
Mama wa Kisauni, Mombasa

JIBU: Mama yetu, embe halimo humo. Kinachopashwa moto na kifaa hicho ni mchanganyiko wa propilini glaikoli, gliserini, kemikali za ladha na, mara nyingi, nikotini. Mwombe mwanao asome maandishi ya kifurushi pamoja nawe: palipoandikwa nikotini 5%, maana yake ni takriban miligramu 50 katika kila mililita, ilhali Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya 20.

Zamani nikotini nyingi kiasi hicho ingemchoma mvutaji kooni. Mambo yalibadilika hasa baada ya 2015, vepu ya Juul ilipoingia sokoni nchini Marekani ikiwa na chumvi za nikotini, ambazo hupatikana kwa kuichanganya nikotini na asidi kama ile ya benzoiki, na ambazo huvutwa kwa ulaini zaidi. Utamu wa matunda hufunika ukali uliosalia, na mentoli au kemikali nyingine za kupoza, ambazo hutoa ule ubaridi wa ladha zinazoitwa "ice", hupoza koo. Hivyo kijana ambaye angekohoa na kuitupa sigara yake ya kwanza hapati onyo lolote kutoka mwilini mwake, na kwa maoni yangu hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili.

Marekani yenyewe imehangaika na jambo hili. Sheria ya 2009 iliondoa ladha katika sigara za kawaida, isipokuwa mentoli, lakini haikuzigusa za kielektroniki. Mwaka 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo ilizuia vibonge (vichupa vya kimiminika vinavyochomekwa kwenye vepu) vya matunda na peremende, ikaviacha vifaa vya kutumia na kutupa. Vijana wengi wakahamia huko huko. Katika uchunguzi wa kitaifa wa wanafunzi wa 2024, karibu 88% ya waliokuwa wakivuta walitumia zenye ladha, na matunda ndiyo yaliyoongoza. Jirani zetu wa Uganda hawakubagua ladha: sheria yao ya 2015 ilizipiga marufuku sigara zote za kielektroniki.

Huenda mwanao akakuambia kwamba ladha hizo hutiwa hata katika vyakula. Ni kweli, lakini idhini ya kula si idhini ya kuvuta. Diasetili, inayotoa ladha ya siagi, hailidhuru tumbo, ilhali wafanyakazi wa kiwanda cha bisi huko Missouri waliovuta mvuke wake waliharibika mapafu. Sisemi kwamba imo katika chupa ya mwanao. Nasema tumbo na pafu havifanani.

Usimgombeze. Muulize tu kama huitafuta mara anapoamka, na kama hukasirika anapoikosa. Akikubali, tayari ana uraibu, na anahitaji mshauri wa afya kuliko mahubiri.

SWALI: Nina miaka 38 na navuta pakiti nzima kwa siku. Je, nihamie ya stroberi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Kwako, ndugu, hesabu ni tofauti. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yameonyesha kwamba sigara za kielektroniki zenye nikotini huwasaidia wavutaji kuacha kuliko viraka au chingamu za nikotini, na hazina lami ya tumbaku inayoungua. Hata hivyo, zungumza na daktari kwanza, na ukihama, hama kabisa, kwa kuwa anayechanganya zote mbili hupata faida ndogo sana. Ikiwa stroberi itakusahaulisha tumbaku, sina ugomvi nayo, mradi chupa ifungiwe mbali na watoto, kwani nikotini ikinywewa ni sumu na harufu hiyo huwavutia.