Mashine inasoma DNA vibaya? Usimpigie fundi kwanza

Julai ya Mbeya mnaijua. Unatoka Uyole asubuhi na makoti mawili, unafika maabara vidole vimekufa ganzi na humo ndani kuna baridi kuliko nje maana jua halijaingia. Siku moja ya hivyo nikapima slaidi ya kawaida kabisa, limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) za mtu asiye na tatizo lolote, ambazo kwenye grafu zinatakiwa zisimame pamoja kama mlingoti, mi nikaona kitu kimetanuka kama mlima Loleza. Mtawanyiko asilimia 11. Dogo niliyekuwa nae zamu akasema dada kamera imekufa hiyo, tumpigie fundi Dar.

Nikamwambia tulia, leta boksi.

Kabla sijasema boksi la nini, tuelewane kwanza kuhusu hii mashine, maana wengi wanaiogopa bure na wengine wanaiamini bure. Ni darubini, kamera na programu, basi. Na haipimi DNA, inapima weusi. Unapaka rangi ya Feulgen (huyu jamaa wa Ujerumani na mwenzake waliitangaza 1924 na mpaka leo hatujaiacha), asidi inafungua DNA, kitendanishi cha Schiff kinashika pale ilipofunguliwa, kwa hiyo DNA ikiwa nyingi rangi inakuwa nyingi, alafu programu inajumlisha weusi wa kila nukta ya kiini cha seli na kukupa namba moja. Seli ya kawaida ya binadamu ina DNA kama pikogramu 6.6 lakini mashine haijui hilo, we ndo unaiambia kwa kuionyesha seli unazozijua, kwamba hizi ndo 2c (yaani kiasi cha DNA cha seli ya kawaida, 4c ni mara mbili yake), hizo nyingine zote linganisha na hizi. Sasa ukiionyesha seli zilizopakwa vibaya itakubali tu na itakuchorea grafu safi sana ya uongo, na huo uongo unaenda kwa daktari anayetaka kujua kama uvimbe wa mtu una seli zenye DNA isiyo ya kawaida.

Haya, boksi. Mi nina slaidi mbili za kujipima. Ya kwanza ni ya zamani, ilipakwa vizuri, inakaa gizani kwenye boksi maana mwanga unachujisha rangi, na kila asubuhi napima humo viini vilevile na kuandika kwenye kauntabuku. Hiyo inanipa habari za mashine. Ya pili inapakwa rangi upya kila mara pamoja na slaidi za wagonjwa, kopo moja, asidi moja, muda mmoja, na hiyo inanipa habari za rangi. Ukiwa na moja tu kati ya hizo hutajua nani anakudanganya.

Siku ile slaidi ya zamani ikasoma vilevile kama wiki nzima iliyopita. Kumbe kamera haina kosa! Tukageukia rangi. Karatasi ya maelekezo ilisema asidi ya 5N (huo ndo ukali wake), saa moja, joto la chumba. Nikaangalia kipimajoto ukutani: nyuzi 13. Joto la chumba la nani sasa? Aliyeandika ile karatasi hakuwahi kufanya kazi Mbeya mwezi wa saba. Asidi ikiwa ya baridi inafanya kazi pole pole, saa moja inaisha DNA haijafunguka vya kutosha, viini vingine vimeshika rangi vingine nusu nusu. Na usikimbilie kuongeza muda kwa kubahatisha, maana asidi ikizidi inaanza kula DNA yenyewe na rangi inapauka tena, ukiangalia kwa macho huwezi kujua ni kuzidi au kupungua. Tukaweka kopo la asidi, limefunikwa, kwenye beseni la maji ya uvuguvugu nyuzi 27 na kipimajoto humo humo, tukapaka slaidi mpya. Mtawanyiko ukashuka chini ya 5, ambapo ndo unatakiwa uwe. Kama hujui kuutafuta, chukua standadi devisheni ya limfosaiti zako gawanya kwa wastani zidisha kwa 100, na pima angalau 30, sio tano unazozipenda.

Lakini kuna siku kosa ni la mashine kweli. Washa taa, acha nusu saa, kanywe chai, taa ikiwa ya baridi inayumba na umeme wetu nao unayumba kwa hiyo stabilaiza sio anasa. Alafu chukua kiini kimoja, kipime katikati ya picha, kisogeze kona zote nne, kipime tena. Katikati 100 na kona 93 maana yake mwanga haujasambaa sawa au ile picha ya sehemu tupu ya slaidi, ambayo programu inaitumia kusawazisha mwanga, ni ya juzi. Na tafadhali zima kamera kujirekebisha mwanga yenyewe. Mi niliwahi kupoteza siku mbili kwa sababu programu ilipowekwa upya kile kialama cha kujirekebisha kilirudi chenyewe na hakuna aliyeangalia.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni ini la panya wa maabara. Unagusisha kipande kwenye slaidi, unapaka rangi, na humo unapata seli za 2c, 4c na 8c, yaani asili imekuwekea ngazi bure. 4c ikigawanywa kwa 2c ipate karibu 2, tuseme 1.9 mpaka 2.1. Ikikupa 1.8 mara nyingi ni mwanga unaozagaa ndani ya lenzi unafanya viini vyeusi vionekane vyepesi kuliko vilivyo, kwa hiyo bana ile pete ya mwanga iliyo karibu na taa, futa lenzi (vumbi la Septemba huku halina huruma), pima tena.

Lingine ni lumbesa. Viini viwili vimelaliana, programu inaona kimoja, inakuandikia 4c. Ni lumbesa kabisa, gunia linahesabiwa moja na juu limeshonewa kilemba. Programu haiwezi kuzikamata zote, kwa hiyo fungua picha ya kila kiini kilichofika 4c au kuzidi ukiangalie kwa macho yako, hata kama viko 60 na gari la Uyole linakuacha. Na vipande vya nyama ya mgonjwa vilivyogandishwa kwenye nta na kukatwa vyembamba vina shida ya kinyume, kisu kinapita katikati ya kiini unapima nusu, ndo maana mi nikipewa nafasi ya kuchagua naomba sampuli ya seli zilizopakazwa au kugusishwa moja kwa moja kwenye slaidi.

Fundi tulikuja kumwita mwezi wa kumi. Stendi ya darubini ilikuwa imelegea.