Maswali na Majibu: Daktari Akikuuliza Hujambo

Barua za safari hii zote zinahusu ulemavu, na nyingi zimeandikwa na watu waliokwisha kulishwa maneno na vishoka wa stesheni. Tuanze.

Nimesikia sheria mpya inawapa walemavu wote mshahara kila mwezi. Fomu zinapatikana wapi? (Msomaji, Nzega)

Hazipatikani, maana sheria hiyo haipo. Zanzibar wana pensheni jamii tangu 2016, lakini ni ya wazee wa miaka 70 na kuendelea. Huku Bara tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, na mshahara haumo. Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Anayekuuzia fomu mpeleke polisi, usiniletee mimi.

Mashine ilinikata vidole vitatu vya mkono wa kulia kazini. Daktari ameniandikia chini ya asilimia 30. Mimi fundi seremala, nyundo siishiki tena. Nimedhulumiwa? (Fundi, Urambo)

Pole, fundi. Usiseme dhuluma kabla ya kujua hesabu. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, unalipwa pensheni kila mwezi. Kwa hiyo kati ya 29 na 31 kuna maisha mawili tofauti, na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Sheria ya 2010 inauelezea ulemavu kuwa ni kupoteza au kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha ya jamii sawa na wengine. Jedwali la fidia, linalopangia kila kiungo asilimia yake, linaanzia kwenye pingili za vidole. Bunge ni moja, vipimo viwili.

Hujaridhika? Mwandikie Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kupinga. Njia inaendelea hadi Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Lakini barua isiwe ya "naumia sana". Andika kwamba huwezi kushika randa, kwamba vifungo vya shati unafungiwa na mtoto, kwamba ukishika kikombe cha chai kinaponyoka.

Na hili nawaambia wote, hasa wanaume wa Unyamwezi. Unaingia kwa daktari umevaa shati la Ijumaa, anakuuliza unaendeleaje, unajibu "namshukuru Mungu, naendelea vizuri". Adabu nzuri, ila ndiyo inayoandikwa kwenye faili. Msalimie, kisha mweleze siku yako mbaya ilivyo.

Tena usisaini karatasi ya "tumemalizana" ofisini kwa mwajiri. Ajali itolewe taarifa mapema. Ikipita miezi 12, haki yenyewe inaweza kupotea.

Ofisini wanasema mkopo wa halmashauri kwa watu wenye ulemavu lazima tuwe watano. Kweli? (Sikonge)

Ilikuwa hivyo, kanuni zikarekebishwa. Ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri iliyotengwa kwa watu wenye ulemavu, hata mtu mmoja anaiomba.

Mume wangu alipata kiharusi nyumbani. Alikuwa anachangia NSSF. Namgeuza kitandani usiku na mchana, genge langu limekufa. Mimi ananilipa nani? (Mama, Isevya)

Hakuna, mama, na sitakupamba. Yeye anaweza kupata pensheni ya ulemavu, ikiwa michango inatosha na madaktari wakithibitisha amepoteza theluthi mbili ya uwezo wa kujipatia kipato. Kafuatilieni hilo. Malipo ya mtu wa kumhudumia mgonjwa yapo, lakini kwenye Mfuko wa Fidia, kwa aliyeumia au kuugua kutokana na kazi. Angeangukia kiwandani wangekuuliza habari zako. Kaangukia sebuleni, basi wewe huonekani. Kitanda kilekile, vidonda vya mgongo vilevile. Wabunge wanaopenda kupiga makofi kwenye marekebisho ya sheria waanzie hapa.

Babu yetu haoni na ameanza kusahau. Tumpeleke makazi ya wazee Ipuli? Tuko wajukuu saba. (Uyui)

Saba! Makazi yale ni ya wazee wasio na wa kuwatunza, na mlango wake ni afisa ustawi wa jamii, si bodaboda mnayomkodia asubuhi. Sheria ya 2010 inawataja ndugu kwanza katika matunzo, na inakataza kumlazimisha mtu mwenye ulemavu kuishi kwenye kituo. Barua yenu ina kurasa mbili, babu mwenyewe anasemaje hamkuandika.

Mimi ni kiziwi. Kampuni yenye watu 14 imeninyima kazi kwa sababu hiyo. Naweza kudai ile asilimia 3? (Tabora mjini)

Huwezi, sharti la asilimia 3 ya wafanyakazi kuwa watu wenye ulemavu linamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea. Unachoweza kudai ni ubaguzi, ambao Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaukataza hata kwa mwombaji wa kazi. Nenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mkalimani wako, ubebe ujumbe waliokutumia. Una siku 60, na zilianza siku ile walipokukataa.