Nilivyoziba matundu ya hewa kwa sababu ya baridi ya Nakuru

Julai ya Nakuru haina huruma kwa mtoto mchanga. Mji uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku ule ubaridi wa sakafu ya saruji unakupanda mpaka magotini. Nilipojifungua, mama alishuka kutoka Molo kuja kunisaidia, nasi tukanunua hita ya gesi ya mtumba, ile ya magurudumu ambayo mtungi wake unakaa kwa nyuma. Bado tukaona baridi inaingia. Juu ya dirisha kulikuwa na yale matundu ya hewa ambayo kila mpangaji wa hapa anayalaumu kwa vumbi na mbu. Nikapanda juu ya stuli nikayaziba kwa magazeti. Chini ya mlango nikasukuma blanketi kuukuu.

Nyumba ikapata joto kweli. Vioo vya dirisha vikatoa jasho, maji yakachuruzika mpaka kwenye fremu, nami nikafurahi. Laiti ningejua! Kilo moja ya gesi ya mtungi ikiungua hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kwa njia ya mvuke. Mvuke ukikosa pa kutokea, basi na hewa chafu ya moto ule imebaki humo humo na ninyi. Ishara ya pili ilikuwa kwenye hita yenyewe: ndimi za njano zilikuwa zikiramba juu ya vile vigae vyekundu. Moto ulikuwa unakosa hewa safi, na moto wa namna hiyo hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ile harufu ya gesi tunayoijua hutiwa kusudi ili tugundue mtungi ukivuja. Sumu hii haina.

Mnamo saa nne usiku nilimwona mama ameshika paji la uso.

“Mama, kichwa kinakuuma?”

“Kinapasuka, mwanangu. Na miguu haina nguvu.”

Changu pia kilikuwa kinagonga. Tukasema ni malaria, au uchovu. Nilipotoka nje kuanua nepi nikajisikia nafuu; nilipoingia tena, kichefuchefu kikarudi. Hapo ndipo nikashtuka, maana mtoto alikuwa amelegea na hataki titi. Nikafungua mlango, nikamtoa, nikamvuta mama kwa mkono. Hospitalini swali la kwanza la daktari lilikuwa, “Nyote mnaumwa kichwa kwa pamoja? Mnawasha nini ndani?” Tukawekewa oksijeni. Kaboni monoksidi hushika damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo mtu anapumua vizuri tu huku mwili unakosa hewa. Tulipona sote watatu, namshukuru Mungu.

Kwa hiyo nakusihi wewe unayewasha hita isiyo na bomba la kutoa moshi nje: acha matundu mawili yaliyo wazi daima, moja juu na moja chini, na yote yatoke nje, si kwenye chumba kingine. Hewa chafu ya moto hupanda, itoke kwa la juu. Hewa safi iingie kwa la chini, na kama mtungi unavuja, gesi yake ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na itapata pa kutokea. Maelekezo ya hita nyingi za aina hii hutaka sentimita 25 za mraba kwa kila kilowati, nusu juu na nusu chini. Yetu ilikuwa ya kilowati 4.2, yaani sentimita 105 za mraba kwa jumla. Hiyo ni kama slaisi moja ya mkate iliyokatwa nusu mbili, moja juu na moja chini! Kitundu kidogo hivyo ndicho nilichokikatalia.

Dirisha usilitegemee, kwa sababu ukisikia baridi utalifunga. Hita usiiweke chumba cha kulala kabisa, na uizime kabla ya usingizi. Jiko la makaa ni baya zaidi: hata makaa yaliyofunikwa na jivu bado yanatoa sumu hiyo, kwa hiyo lisiingie ndani hata kwa dakika kumi za kuota moto.

Hita ya mtumba mpelekee fundi kwanza. Nyingi zina kifaa cha kuzima moto oksijeni inapopungua, lakini kinaweza kuwa kimeharibika au kimejaa vumbi, na vumbi la Nakuru mnalijua.

Magazeti niliyang'oa asubuhi tuliporudi. Matundu nimeyawekea wavu wa mbu, na kila Jumamosi napanda juu ya ile stuli na brashi, kwa maana wavu ukishika vumbi huziba vilevile. Mtoto namvalisha soksi mbili na kofia ya sufu.