Demote au relegate: barua ya kumshusha mtu cheo iandikweje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo kitengo cha rasilimali watu katika kampuni binafsi hapa Dar es Salaam. Meneja ameniagiza niandae barua ya Kiingereza ya kumshusha cheo msimamizi wa ghala awe karani. Niliandika "You have been relegated to Store Clerk". Mwenzangu akakata, akaweka "demoted", ila nilipomuuliza sababu hakuwa nayo. Kuna tofauti gani? Na kiongozi akitenguliwa, nako tuseme "demoted"?

JIBU: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, sababu ndiyo iliyomponyoka. "Demote" ni kitenzi cha ofisini na jeshini: mtu ana cheo kinachojulikana, mwenye mamlaka anamteremsha hadi kingine kinachojulikana. Ni neno changa, lilianza Marekani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kugeuza "promote", na halisemi lolote kuhusu thamani ya mtu mwenyewe.

"Relegate" limetoka mbali. Warumi walikuwa na adhabu waliyoiita relegatio: unaondolewa mjini na kupelekwa huko mbali, ila uraia na mali yako vinabaki. Mshairi Ovid alipewa adhabu hiyo na Kaisari Augusto mwaka 8 BK, akapelekwa Tomis, ambayo leo ni Constanța nchini Romania. Mpaka sasa neno hilo linanuka kutupwa pembeni. Kompyuta iliyochakaa "is relegated to the storeroom". Mtu aliyewatunzia ghala akisoma kwamba amekuwa "relegated", ataelewa kuwa mnamweka kundi moja na hiyo kompyuta.

Nadhani kilichokupoteza ni mpira. Kwenye soka "relegate" halina dharau, ni utaratibu tu: Ligi Kuu ya Uingereza ina timu 20, na tatu za mkiani hushuka daraja kila msimu. Lakini hata hapo Waswahili tuna mtego wetu. Sisi husema timu "imeshuka", kana kwamba imeteremka yenyewe, ndiyo maana watu huandika "The team relegated". Kiingereza hakikubali hivyo, kwa sababu timu hushushwa: "The team was relegated."

"Demote" nalo lina mtego wake, na huu nauona zaidi kwenye barua za maofisini. Kwa Kiswahili tunasema "ameshushwa cheo", cheo kinafuata kitenzi bila kiungo chochote. Ukiibeba sentensi hiyo ilivyo utapata "He was demoted his position", ambayo si Kiingereza. Anayeshushwa ni mtu. Cheo alichotoka hutanguliwa na "from", anachokwenda hutanguliwa na "to". Kwa hiyo: "You have been demoted from Warehouse Supervisor to Store Clerk with effect from 1 July."

Wapo watakaokushauri uweke "reassigned" ili kupunguza makali. Mimi sipendi. "Reassigned" ni kupangiwa kazi nyingine, pengine ya ngazi ileile. Kama cheo kinashuka na mshahara unapungua, barua iseme hivyo waziwazi. Na kabla hujagonga muhuri, hakikisha mhusika ameshirikishwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi anapobadili maelezo ya ajira yake, kisha amjulishe kwa maandishi. Hilo "demoted" peke yake haliwezi kulitibu.

Kuhusu kutenguliwa, hapana. Anayetenguliwa hajateremshwa ngazi; uteuzi wake ndio umefutwa, na huenda akapangiwa kazi nyingine baadaye au asipangiwe kabisa. Kitenzi chake ni "revoke", na kinachofutwa ni uteuzi, si mtu: "His appointment has been revoked." Usiandike "The Director was revoked", hata kama kwa Kiswahili "mkurugenzi ametenguliwa" tunaisikia kila siku kwenye taarifa ya habari. Ukiona taarifa inasema ametenguliwa na papo hapo ameteuliwa kushika nafasi ya chini zaidi, hapo unaweza kuongeza "demoted", lakini kwa sababu ya hiyo nafasi mpya.