Kabla hujafunga belti mpya kwenye mashine, itundikie ndoo kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kuunda printa za 3D na vi-CNC vya nyumbani (mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta), leo naongelea belti maana naona wengi mnahangaika na mota na programu wakati tatizo liko kwenye kale kamkanda keusi ka meno, ka upana wa 6 mm, kanachovuta kichwa cha mashine. Mimi nilikaa kama wiki tatu miduara inatoka umbo la yai, nikabadilisha mpaka draiva za mota, kumbe belti niliyouziwa ilikuwa inavutika kama rababendi. Nilipoikata nikaangalia ncha yake sikuona uzi hata mmoja ndani, raba tupu.

Kwa hiyo kwanza kabisa kata ncha kwa wembe uangalie. Belti ya GT2, aina inayotumika sana kwenye printa za 3D, kwa kawaida ni raba ya neoprini na ndani zinapita nyuzi nyembamba za fibaglasi urefu wote, utaziona kama vidoti vimejipanga. Zile za poliyurethani nyingi zina nyuzi za chuma. Uzi ndio unaobeba mzigo, raba inashika nyuzi pamoja na kutengeneza meno basi. Na kama unatoa belti kwenye printa mbovu ya wino, wengi tunaanzia huko, hesabu meno kwanza. GT2 jino hadi jino ni 2 mm, MXL, aina nyingine ya belti ya meno, ni 2.032 mm, kwa macho huoni tofauti kabisa lakini meno 100 ya GT2 ni 200 mm na ya MXL ni 203.2, sasa ukiifunga hiyo MXL kwenye puli (kigurudumu cha meno kinachozungusha belti) ya GT2 utasema belti inavutika kumbe siyo saizi yake.

Haya, kupima kuvutika. Chukua belti ndefu kadiri unavyoweza, mita 2 ni nzuri zaidi ya nusu mita maana kila mita inavuta kiasi kilekile, ukiwa na nyingi jumla inakuwa kubwa na rula ya kawaida inatosha kuisoma. Mimi natundika kwenye tawi la mwembe uani, chini naweka ndoo. Lita moja ya maji ni kilo moja, yaani kama nyutoni 9.8, huhitaji mawe ya mzani.

Hapa ndipo wengi wanakosea na mimi nilikosea pia: usianze kupima belti ikiwa haina mzigo. Ikiwa imelegea ina mikunjo, fundo halijakaa, ukiongeza kilo ya kwanza unapima mikunjo siyo belti. Ndoo tupu iache ining'inie iwe ndio mwanzo wako, jaza maji na kuyamwaga mara mbili tatu ili kila kitu kikae, ndio uanze kuandika namba. Halafu weka alama MBILI kwenye belti, juu na chini, usome zote, kwa sababu tawi linashuka na fundo la juu linateleza, ukisoma alama ya chini peke yake hayo yote unayahesabu kama kuvutika kwa belti. Unachotaka ni umbali kati ya alama ulivyoongezeka.

Tuseme umeongeza lita 4 na kila mita imerefuka 3 mm. Sasa kichwa cha printa yako kina uzito wa nusu kilo na unakiongezea kasi mita 4 kwa sekunde kila sekunde, hiyo ni nguvu ya nyutoni 2, karibu kilo 0.2 kwenye ndoo. Kwa kipande cha sentimita 40 belti itarefuka kama 0.06 mm. Nimehesabu upande mmoja tu, ule wa pili ukiwa umekazwa vizuri unasaidia na inapungua zaidi. Hiyo mduara wako haiuharibu. Lakini ile raba tupu yangu ilikuwa inarefuka kupita kiasi kwa ndoo hiyohiyo, hapo hata ufanyeje kwenye programu hupati kitu.

Ukimaliza usitoe ndoo, iache na maji mpaka kesho usome tena, kisha mwaga usome mara ya mwisho. Belti ambayo hairudi ilipoanzia itakulegezea mashine kila wiki.

Kuhusu kukatika sasa. Ukibana belti kwenye vaisi ukavuta itakatikia pale kwenye vaisi, na hapo umepima meno ya vaisi siyo belti. Zungushia bomba la PVC la inchi 2 mara tatu au nne ndio ubane ncha, msuguano wa bomba unabeba mzigo kabla haujafika kwenye kibano. Ikikatikia katikati, namba yako ni ya kuaminika. Vaa miwani jamani, na ndoo iwe sentimita chache tu juu ya ardhi, miguu mbali, belti ikikatika inarudi kwa kasi usoni.

Ila kuning'iniza hakukuambii habari ya kukunja. Belti ya chuma kwenye ndoo itakufurahisha maana inavutika kidogo mno, lakini ukiipitisha kwenye puli ndogo ya meno 16 nyuzi zinachoka na kukatika mmoja mmoja, utaona visindano vinachomoza pembeni. Weka puli kubwa zaidi au rudi kwenye fibaglasi. Na fibaglasi nayo usiikunje kwa vidole ikavunjika kona, uzi wa kioo ukishavunjika haurudi, hata kama raba ya nje inaonekana nzima.

Siku hizi kila roli mpya nakata mita moja na nusu ya kujaribia kabla sijafunga chochote, hata kama duka ni lilelile, maana nimeshanunua roli mbili siku moja, moja ikavutika karibu mara mbili ya mwenzake. Kwenye kile kipande nabandika selotepu nikiandika tarehe, idadi ya nyuzi na milimita kwa kilo 4, nakihifadhi kwenye boksi la vipuri.